Maji ya Nayibe

"Tulia! Ukitingisha kichwa tena nakusuka na sikio."

Mama mkubwa Limbania amekaa ngazi ya juu, Deyanira ngazi ya chini yake, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya yule mama kama nazi inayosubiri kukunwa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakikaa tangu Deyanira anang'oka meno ya utoto. Ngazi zilezile, mto uleule unapita chini ya nyumba, harufu ileile ya moshi na mafuta ya nazi. Kilichobadilika ni nywele tu. Hizi alizorudi nazo kutoka jiji la Cali zilikuwa zimenyooka zimelala, nchani zimeungua.

"Hizi si nywele," Limbania akasema. "Hizi ni nyasi za kiangazi. Nani kakufanyia hivi?"

"Bibi wa kazini, mama mkubwa. Alitaka nionekane nadhifu."

"Nadhifu! Kwani ulikuwa unaenda kwake na matope?"

"Muulize kama alimnyoosha na pua," akadakia Bi Emérita. Huyu ni jirani wa nyumba ya pili, meno ya juu yaliondoka zamani lakini kicheko kilibaki chote. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anajaza mbegu kwenye manyanga ya kesho, maana kesho ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni.

Deyanira akacheka. Yaani alicheka kile kicheko kinachotoka tumboni, ambacho Cali alikuwa amekisahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi. Wiki nzima alikuwa hivyo. Akila samaki wa nazi, machozi yanamlengalenga. Akisikia mtu anaimba anafua nguo, anasimama. Kila kitu kilikuwa kinamwambia ulikuwa wapi wewe.

Limbania alikuwa anasuka, na kila unywele ulioanguka anauokota, anausokomeza kifuani ndani ya blauzi. Kwetu nywele haziachwi zikapeperuka. Ndege akizichukua akajengea kiota, kichwa kitakuuma mpaka mayai yaanguliwe.

"Na Mtakatifu Antoni mwenyewe yuko wapi?" Deyanira akauliza. "Sanamu yake siioni mezani."

"Yuko ndani," Bi Emérita akasema.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya mtungi. Kichwa chini, miguu juu. Mjukuu wangu kamfunga mpaka amletee mchumba."

"Mtakatifu wa sikukuu, Bi Emérita?"

"Ataachiwa kwa dhamana saa kumi, tukimwogesha. Kwani kafanya nini cha maana mwaka huu?"

Wanacheka bado, sauti ikatoka chini. "Hodi wenyewe!"

Deyanira hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sauti ile ungemchanganyia na sauti za mto mzima, angeitoa. Kichwa kilikuwa kimebanwa, hakuweza kuinua macho. Alichoona ni miguu. Plácido Angulo, fundi wa injini za boti, alikuwa amekuja ukingoni peku, viatu mkononi visiingie matope, na sasa alikuwa anavivaa pale chini ya ngazi, anafunga kamba taratibu, kama mtu anayetafuta muda. Vidole vilevile. Grisi imejichora kwenye kucha, hata angesugua na mchanga haitoki.

"Fundi, amekufa nani?" Bi Emérita akauliza. "Mbona umevaa shati la mazishi?"

"Hajafa mtu, Bi Emérita. Nina maneno na mama mkubwa." Akapanda ngazi mbili, akasimama. "Mama Limbania, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Tangu lini?" Bi Emérita tena.

"Nataka kumuoa Deyanira."

Kitana kikasimama. Deyanira akakisikia kimesimama, jino moja limegusa ngozi ya kichwa, na moyo wake wote ukakimbilia pale kwenye lile jino.

"Plácido," Limbania akasema polepole. "Mtoto wako Nayibe, nani alimmwagia maji?"

"Deyanira."

"Basi umeshajijibu. Nenda kavue shati, utalichafua."

Sasa, haya ya maji. Kwetu mtoto akizaliwa na pumzi haishiki, humngojei padri, maana padri anakuja na boti, na boti inakuja ikitaka. Mtu anachukua maji, anamwagia mtoto kichwani, anamtaja jina. Basi. Kuanzia hapo yule aliyemwaga ni Mama Maji wa mtoto, na wazazi wa mtoto ni ndugu zake wa maji. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutukanana, kugombea uwanja, hata kupelekana mahakamani. Ndugu wa maji, hapana. Wanasalimiana wamesimama. Hawapandishiani sauti. Na kulala kitanda kimoja, jamani, hilo hata walevi wetu hawalitanii.

Lakini kabla ya maji kulikuwa na mapenzi. Hapo ndipo tatizo.

Deyanira alikuwa na miaka kumi na saba. Maji ya bahari yakipwa, wanawake wanaingia kwenye mikoko kuchimba kombe, tope mpaka mapajani, na mbu wa mle ndani hawana utu. Basi kila siku utamwona Plácido anapita na mtumbwi wake, eti anatafuta panga la injini lililoanguka. Panga gani linaanguka kila siku? Mkononi ana kopo la makumbi ya nazi yanayowaka moshi, la kufukuza mbu, na anakaa upande unaotoka upepo ili moshi umfikie Deyanira. Hasemi kitu. Anapuliza tu. Macho yake yanatoka machozi kwa moshi, na yeye anacheka. Wapo wanaume wanaopelekea wasichana zawadi, Plácido alipeleka moshi, na Deyanira mpaka leo akisikia harufu ya makumbi yanaungua, anageuka kumtafuta.

Na siku za ngoma, marimba ikilia, Plácido anamzunguka na kitambaa chake cheupe, na Deyanira anamkimbia kwa miguu na kumrudia kwa macho. Mto mzima ulikuwa unajua. Limbania mwenyewe alikuwa anajua, anajifanya kuhesabu nyota.

Kisha mama yake Deyanira akafariki, nyumba ikabaki haina kitu, na kukawa na kazi ya ndani Cali. Siku ya boti, Plácido alimbebea begi mpaka gatini.

"Usiningoje," Deyanira akamwambia.

Alisema kwa mdomo. Macho yalisema kitu kingine kabisa. Na yeye, mwanaume mjinga kama wanaume wote, akasikiliza mdomo. Hata hivyo alingoja, alingoja sana, mpaka siku moja akachoka, na Yamileth wa kijiji cha chini akawa anacheka vizuri. Habari za ujauzito Deyanira alizipata kwa simu, kwa Bi Emérita. Alikuwa anapiga deki. Alimaliza kupiga deki.

Akaja nyumbani Pasaka ya mwaka huohuo, kwa ajili ya kaburi la mama yake. Siyo kwa ajili ya mtu. Na Ijumaa Kuu, siku ambayo kwetu mto hauguswi, huogi, hupigi kasia, huchoti hata kikombe, uchungu ukamshika Yamileth kabla ya wakati. Wakamleta kwa Limbania, kwa sababu Limbania ndiye mkunga. Mtoto akatoka wa bluu, kimya, kama kitu kilichosahauliwa.

"Maji!" Limbania akapiga kelele.

Maji yako wapi? Mitungi ilikuwa mikavu, wageni wa Pasaka walikuwa wamemaliza yote, na mto hauguswi. Yalikuwepo mahali pamoja tu: glasi iliyokuwa kwenye meza ya watakatifu, aliyoiweka Deyanira asubuhi kwa ajili ya roho ya mama yake. Mkunga hamwagi, mikono yake inapokea tu. Bi Emérita alikuwa mlangoni, ameshanyoosha mkono. Deyanira akawahi glasi. Akamwaga. "Nayibe," akasema, jina la kwanza lililomjia. Mtoto akapiga chafya, akalia, na nje Plácido akasikia kilio, akaanguka magoti. Alipoingia akaona mtoto yuko hai. Halafu akaona glasi tupu, na mkono ulioishika. Wakatazamana. Alielewa hapohapo. Wote wawili walielewa.

Imepita miaka tisa. Yamileth alikwenda Chile kutafuta maisha akayapata, na mume mwingine juu yake, na sasa kwa Nayibe anatuma nguo ambazo kila mara zinakuja zimeshakuwa ndogo. Plácido amemlea mtoto mwenyewe, kati ya injini na sufuria.

"Mama Limbania," Plácido akasema, bado yuko ngazi ya pili, "nimemuuliza padri wa mjini. Alinipa injini yake niitengeneze, nikamuuliza. Kasema sheria hiyo imeshafutwa. Maji ya nyumbani hayamfungi mtu. Ni maji tu."

"Padri alikuwepo?"

"Wapi?"

"Ijumaa Kuu ile, humu ndani. Alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Basi aongelee injini yake."

"Deya," Plácido akageuka, sauti imeshuka, "sema kitu basi. Au umemeza kitana?"

"Mama mkubwa, niachie kichwa kwanza."

Limbania akafungua magoti. Deyanira akasimama, upande mmoja wa kichwa umesukwa mistari safi, upande wa pili umelala vilevile ulivyotoka Cali. Akamtazama Plácido kwa mara ya kwanza siku hiyo. Jamani. Mvi mbili tatu pale kwenye sikio. Nani kampa ruhusa ya kuota mvi yeye hayupo?

"Namtaka," akasema. "Namtaka tangu zamani, mama mkubwa, na wewe unajua. Siogopi kulisema."

Bi Emérita manyanga yakamponyoka, mbegu zikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Limbania akageuza uso. Alikuwa anatazama mto, siyo watu. Halafu akasema, "Saa kumi wanawake wanakuja kumwogesha mtakatifu. Utasimama mbele yetu sote na mbele yake. Utasema hivi: maji niliyommwagia Nayibe yalikuwa maji tu. Basi. Ukishasema, kifungo hakuna, na mtu atakayekunyooshea kidole hapa mtoni atanikuta mimi. Hata gauni nitakushonea."

"Hilo tu?" Plácido akauliza. Uso wake ulikuwa umewaka kama taa imewekwa mafuta.

"Hilo tu."

Kabla hajashuka Plácido akamsogelea Deyanira, karibu mpaka Deyanira akasikia sabuni na petroli. "Nitakuwa gatini," akanong'ona. "Neno moja, Deya. Tumengoja maisha yote kwa neno moja."

"Na kichwa changu?" Deyanira akamuuliza mama mkubwa wake.

"Kitabaki hivyohivyo mpaka nijue namsuka nani."

Akatumwa kuchuma majani ya kuogeshea. Nyuma ya nyumba kuna mtumbwi mkuukuu, umepandishwa juu ya nguzo nne, umejazwa udongo mweusi wa kichuguu, ndiyo bustani ya Limbania: mrihani, nanaa, vitunguu, dawa za tumbo na dawa za moyo. Nayibe akamkuta hapo, ametoka shule, blauzi ya sare imetoka nje ya sketi.

"Mama Maji! Mbona una nusu kichwa?"

"Nusu ya Cali, nusu ya hapa."

"Ya hapa nzuri. Ya Cali kama mkia wa farasi aliyenyeshewa."

"Asante sana, mwanangu."

"Mwalimu mpya anasema na mimi nizibane zangu nyuma, zinamzibia wa nyuma yangu ubao. Nimemwambia wa nyuma yangu asogee. Ngoja, usichume!" Akamshika mkono. "Hujaomba."

Kweli, Deyanira alikuwa amenyoosha mkono tu kama mtu wa sokoni. Nayibe akausogelea mrihani, akasema harakaharaka kama anayesalimia jirani wa kila siku, "Habari za mchana, mrihani, tunakuomba kidogo, ni ya mtakatifu, asante." Akavunja tawi. "Ndiyo hivyo. Ulikuwa umesahau?"

"Nilikuwa nimesahau."

"Baba kapiga pasi shati tangu alfajiri. Kaliunguza mgongoni, kalichomekea lisionekane." Akaangalia huku na huku. "Kasema utakuwa mama yangu."

"Na wewe ungependa?"

"Ndiyo! Utatupikia. Baba anapika wali kama anapika lami." Akafikiri, tawi mdomoni. "Lakini Mama Maji wangu atakuwa nani?"

Deyanira akajifanya anatafuta nanaa.

"Kwa sababu Yorleny wa darasani Mama Maji wake alikufa, na sasa hana. Mimi nikiota ndoto mbaya naamka nakuita jina mara tatu, halafu nalala. Hata ulipokuwa Cali nilikuwa nakuita. Ulikuwa unasikia?"

Kuna maswali mtu angetamani aulizwe na padri, na hakimu, na yeyote, lakini siyo na mtoto mwenye tawi la mrihani mdomoni. Deyanira akamfuta udongo shavuni. Akamfuta tena, ingawa ulikuwa umeshatoka.

Saa kumi sebule ilijaa. Wanawake wa mto, na vitambaa vya kichwani vya kila rangi, wananukia mafuta ya nazi na gongo ya miwa kidogo, ya kulainisha koo. Mtakatifu Antoni alitolewa mtungini akidondosha maji, amechoka kama mtu aliyelala rumande. Wakamvua, wakamweka kwenye beseni la majani, wakamwogesha kwa mikono mingi na kumsema palepale: mwaka jana nilikuomba mvua ipungue ukazidisha, haya geuka, nikusugue mgongo. Na wakati wote wanaimba chinichini, ule wimbo wa kubembeleza ambao Deyanira aliimbiwa kabla hajajua kuwa yeye ni nani. Alikuwa amesikia nyimbo nyingi Cali, redioni, kila siku. Hakuna hata mmoja uliomwita kwa jina.

"Deyanira," Limbania akasema, na uimbaji ukakoma. "Simama."

Akasimama. Nywele zake nusu kwa nusu, mikono inanukia mrihani.

"Sema."

"Maji niliyommwagia Nayibe..." Akaanza upya. "Maji niliyommwagia Nayibe yalikuwa..."

Wakangoja. Bi Emérita alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Mama mkubwa, asubuhi nilikudanganya," Deyanira akasema. "Bibi wa kazini hakuniambia ninyooshe nywele."

"Sasa nywele zimeingiaje hapa?"

"Ngoja. Kule nilikuwa na chumba nyuma ya jiko. Dirishani nilikuwa naweka glasi ya maji ya mama yangu, kama hapa. Siku moja bibi akaingia na rafiki yake. Yule rafiki akaiona, akacheka, akasema, 'Angalia, mambo ya watu weusi, uchawi wao.' Bibi akaniuliza, hii nini? Na mimi nikasema..." Sauti ikakatika, akaivuta tena. "Nikasema, ni maji tu, bibi. Nasikia kiu usiku. Akayamwaga kwenye sinki, na mimi nikamwambia asante. Asante! Jumamosi yake nikaenda kunyoosha nywele. Kwa miguu yangu, kwa hela yangu. Hakunituma mtu."

Mtakatifu amekaa kwenye beseni, uchi, anasikiliza.

"Nilimkana mama yangu, nikijua ni yeye. Na maji aliyomwagiwa Nayibe yalikuwa ya mama yangu pia, ya glasi yake. Mtoto yule alikuwa ameshakwenda, mliona, na yakamrudisha. Neno hilo nimeshalisema mara moja, mama mkubwa. Silisemi tena. Hata kwa Plácido."

"Unajua unachokiacha?"

"Najua. Kiko gatini, kimeunguza shati mgongoni."

Mtu akacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa Bi Emérita. Lakini Limbania hakucheka wala hakufurahi kama mtu aliyeshinda. Alikaa kwenye kiti kama amekatwa miguu. Akafungua kabati dogo lililo nyuma yake, akatoa kitambaa kilichokunjwa, cheupe, kina maua madogo ya njano, bado kina karatasi ya dukani.

"Nilikuwa naomba uliseme," akasema. "Tangu saa sita naomba. Nilinunua siku uliyorudi."

Deyanira akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule mama, na Limbania, hana la kufanya na mikono yake, akaanza kuusuka ule upande uliobaki. Wanawake wakaendelea kumwogesha mtakatifu. Waliimba kwa nguvu, ili wawili wale walie bila kusikiwa.

Jua lilikuwa bado liko juu ya miti Deyanira alipoteremka gatini. Plácido alikuwa amekaa kwenye ubao mrefu, mgongo umeelekea nyumba, na lile doa la pasi lilikuwa limechomoza nje kabisa. Alisikia hatua zake. Hakugeuka mara moja. Pengine alishajua kwa jinsi zilivyokuwa zinakuja.

"Umesema?"

"Hapana."

Akatupa mtoni kijiti alichokuwa nacho. "Neno moja, Deya! Hata kasuku angelisema!"

"Kasuku hana mtoto."

"Usinifanyie mzaha leo."

"Sifanyi mzaha. Nayibe akiota vibaya ananiita mimi. Ulikuwa unajua?"

Alikuwa anajua. Ukuta wa nyumba yake ni mbao tu. Akajifuta uso kwa mkono wa shati la mazishi. "Nikuulize kitu kimoja, halafu sikuulizi tena maisha. Bi Emérita alikuwa pale. Alikuwa ameshanyoosha mkono, ananiambia mwenyewe kila akilewa. Kwa nini hukumwachia ile glasi?"

Deyanira akatazama maji. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na jibu lilikuwa limekaa tayari, limechoka kungoja.

"Kwa sababu nilitaka kitu chako kiwe changu," akasema. "Na kilichokuwa kimebaki ni kile tu."

Mtumbwi ukapita, mtu akawapungia mkono, nao wakapunga kama watu wa kawaida.

"Sasa utarudi Cali."

"Sirudi."

"Utakaa hapa?"

"Hapa. Kwa mama mkubwa."

"Nyumba ya tatu kutoka kwangu."

"Ya nne. Unasahau ya Bi Emérita."

"Nitakuona ukifua. Nitakuona kwenye ngoma."

"Utaniona."

"Na nikusalimie nimesimama, 'Habari za asubuhi, ndugu yangu.' Kila siku. Mpaka tuzeeke."

"Mpaka tuzeeke."

"Hayo si maisha, Deya."

"Basi nirudi Cali?"

Hapo ndipo alipogeuka. Akamtazama, kichwa chote sasa kimesukwa, mistari inang'aa mafuta, shingo iko wazi kama ya yule msichana wa kwenye mikoko. Akamtazama mpaka akaona aibu ya kutazama, akashusha macho. Akasimama, kama anavyotakiwa mtu kusimama mbele ya ndugu yake wa maji.

"Hapana," akasema. "Kaa. Bora nikuone."

Akarudi kwenye ubao, akakaa mwisho wa huku. Deyanira akakaa mwisho wa kule. Katikati ikabaki nafasi ya mtu, na upepo wa mto ulikuwa unapita hapo. Juu nyumbani ngoma ilikuwa inakazwa ngozi, inalia kidogo, inanyamaza.

Nayibe akateremka mbio na sahani ya chontaduro, yale matunda ya mchikichi wa kwetu, yaliyochemshwa na chumvi, hakuomba njia, akajichomeka katikati, akaanza kubembeza miguu.

"Mbona mmekaa hivi?" akauliza, mdomo umejaa. "Mnangoja boti? Leo hakuna boti."

"Tunajua," wakajibu wote wawili, na hakuna aliyeinuka.